Mbwa Akishatoka Kituoni: Ushauri kwa Wanaoanza Kazi Hii Mombasa

Anayeingia katika kazi ya kuwatafutia makao mbwa waliohifadhiwa kituoni hupenda kuhesabu waliotoka: mwezi huu wanane, mwezi ujao wawe kumi na wawili. Hesabu hiyo haikuambii kitu. Hesabu wale ambao baada ya miezi 3 bado wako kwa wenyewe, wamechanjwa, na hawajazalishana. Ukiipanga huduma yako kwa swali hilo, utabadilisha mambo mengi, kuanzia fomu ya anayemchukua mbwa.

Fomu nyingi huuliza jina, namba ya simu na kama nyumba ina ua. Ongeza hili: nani atakayempa chakula na maji? Katika nyumba nyingi za Nyali na Bamburi, anayetia sahihi siye anayelisha. Anayelisha ni askari wa getini, mtunza bustani au dada wa nyumbani, na mara nyingi hakuulizwa chochote. Kama anamwogopa mbwa, chakula kitarushwa kwa mbali na mnyororo hautafunguliwa. Mtake aje kituoni pamoja na mwajiri wake, ashike kamba mwenyewe, atembee na mbwa huyo kwa nusu saa. Akisema hapana, lichukue jibu lake kwa uzito uleule ambao ungelipa jibu la mwenye nyumba. Kwa mpangaji, pata ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi kabla mbwa hajapanda gari.

Majirani nao wana haki yao. Waislamu wengi wa Pwani wanafuata madhehebu ya Shafii, na kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hiyo si chuki. Mbwa wa kulinda, wa kuwinda na wa kuchunga mifugo anaruhusiwa, na thawabu ya kumnywesha mbwa mwenye kiu inajulikana tangu madrasa. Kwa hiyo panga kwa adabu: banda liwe mbali na mlango wa jirani na kamba ya nguo, vyombo vya mbwa visichanganywe na vya watu, na matembezi yasigongane na waendao msikitini wakiwa wameshatia udhu. Kanzu moja ikilambwa alfajiri, mbwa atakuwa amerudi kituoni kabla ya adhuhuri.

Waombaji wengi husema, "Nataka mbwa mkali wa kulinda." Usimkatae mtu huyo, mweleze. Mbwa anayeshinda kwenye mnyororo hubwekea kila apitaye, hata mwenye nyumba akaacha kumsikiliza. Anayezunguka ua usiku na kuwajua watu wake ndiye ambaye mbweko wake una maana. Pasipo ukuta, tandaza waya wa mita 8 hadi 10 kati ya nguzo mbili, pitisha pete, na kamba ya mbwa ifungwe kwenye pete hiyo. Weka kizuizi kwenye waya ili mbwa asiufikie uzio: akiweza kuruka upande wa pili, atajinyonga. Kivuli na maji viwe mahali anapofika.

Juu ya maji, Mombasa ina shida yake. Visima vingi vya kisiwani na ukanda wa ufuoni vina chumvi, na mbwa akiwekewa maji hayo hunywa kidogo mno au huharisha. Mpe maji matamu. Mbwa wa kilo 20 huhitaji kama lita moja kwa siku, zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo mtungi mmoja wa lita 20 hautamfikisha wiki 3. Mpe mchukuaji hesabu hiyo mapema ili aone gharama. Chakula kinaweza kuwa ugali kwa dagaa au matumbo yaliyopikwa, lakini unga ulioota ukungu usipewe mbwa: sumu ya ukungu huharibu ini na kuua. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka vibanzi.

Kupe ndio watakaokusumbua mwaka mzima. Kupe wa kahawia wa mbwa hukaa na kuzaana majumbani. Jike akishashiba damu hushuka, hupanda ukuta na kutaga mayai maelfu ndani ya nyufa, na kwa joto la Pwani hakuna msimu wa kupumzika. Kumwogesha mbwa peke yake ni nusu ya kazi. Ziba nyufa za ukuta, badilisha tandiko, banda lipuliziwe dawa mbwa akiwa nje na asirudi mpaka likauke. Dawa ya kupe ya ng'ombe na ivermektini (dawa ya minyoo na wadudu) ya mifugo visikadiriwe kwa macho. Kosa dogo la kipimo hulewesha mbwa na huweza kumuua.

Mfundishe mlezi kukagua: afunue sikio, atenganishe vidole, ainue mdomo wa juu. Ufizi wenye afya ni wa waridi, na ukiubonyeza kwa kidole rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wetu wengi wa mtaani wana ufizi mweusi. Kwao vuta ukope wa chini uangalie ndani. Weupe, homa na kukataa chakula ni safari ya kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo, kwani kupe huambukiza magonjwa ya damu.

Kabla ya mbwa kutoka: mtenge siku 14, mpe dawa ya minyoo, na chanjo ya kichaa cha mbwa kama ametimiza miezi 3, irudiwe baada ya mwaka. Chanjo ikae kwenye baridi, kati ya nyuzijoto 2 na 8. Kisanduku kilichosahauliwa juani ni sindano ya bure. Angalia pia sehemu za siri. Jike au dume anayetona damu wiki hadi wiki huenda ana uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Hutibika kwa sindano za kila wiki, mara nyingi 4 hadi 6, na mbwa asitoke kabla hazijakamilika. Wahasi wote waliofikia umri; jike aweza kushika mimba akiwa na miezi 6, na kubeba ni siku 63 tu.

Siku ya kuondoka, tumia kamba mbili, moja kwenye kola na nyingine kwenye mkanda wa kifuani. Mbwa aliyeogopa hurudi kinyumenyume na kuivua kola. Kwenye tuktuk akae miguuni, katikati ya watu wawili. Anayekwenda Likoni avushwe ndani ya gari, asitembezwe katika umati wa feri.

Kisha piga simu siku ya 2, ya 7, ya 21 na ya 90. Usiulize "mbwa hajambo?", maana utajibiwa "hajambo", na huo ni uungwana tu. Uliza: jana alikula saa ngapi? Usiku alilala wapi? Nani alimfungua, na kwa muda gani? Amewahi kumnyemelea mtoto au kuku? Ongea pia na anayelisha, kwa namba yake mwenyewe. Akitaja mtu kuumwa na mbwa, hata mkwaruzo mdogo, acha maswali: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, mtu aende hospitali papo hapo, na mbwa afungiwe na kuangaliwa siku 10.

Mlango wa kurudisha uwe wazi, bila faini wala lawama. Anayeogopa kukaripiwa na kituo humwachia mbwa sokoni Kongowea usiku. Akirudishwa, andika sababu kwa maneno ya aliyemleta, kwenye daftari moja na tarehe yake, na kila baada ya miezi 3 lisomeni pamoja kabla ya kupanga bajeti. Ikiwa waliorudishwa kwa kuwa mwenye nyumba ya kupanga alikataa ni wengi kuliko waliorudishwa kwa ukali, fedha ziende kwenye kuzungumza na wenye nyumba.