Jibu: Usiazime moduli ya sauti kwenye kerneli nyingine, hata iwe moja

Acha hapo hapo ulipofika, ndugu yangu, na usibonyeze kitu kingine. Umeandika kwamba spika za kompyuta yako ya mkononi ni bubu, kwamba marekebisho yake yamo katika kerneli (kiini cha mfumo wa Linux) mpya kuliko yako, na kwamba unakusudia kunakili faili moja tu, snd-hda-codec-realtek.ko, yaani moduli (kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani ya kerneli) ya chipu ya sauti ya Realtek, kisha uipakie kwa modprobe -f (amri ya kupakia moduli, -f ikiwa ni kulazimisha) katika kerneli unayotumia sasa. Umeuliza pia moduli zipakiwe kwa utaratibu gani, sauti ya HDMI iondolewe vipi kwenye nafasi ya kadi ya kwanza, na kama PipeWire, programu inayosimamia sauti, izimwe kabla ya kuanza. Hayo yatasubiri. Maneno "moja tu" ndiyo yaliyonitia homa, kwa sababu mimi nami nilianza na moja tu.

Mashine yangu ilikuwa ya kurekodia, na kurekodi kwenyewe kulipitia kadi ya USB iliyokuwa ikifanya kazi bila kosa. Kilichokuwa kibovu ni spika za ndani, ambazo sikuwa hata na haja nazo. Ila mtu akishajiita fundi, kitu kibovu kilicho mbele yake humnyima usingizi. Nikaangalia video ya bwana mmoja aliyekuwa akizungumza kwa utulivu wa daktari bingwa, akieleza kwamba moduli ikikataa kupakiwa ni kerneli "inadeka" tu, na kwamba -f huinyamazisha. Nikamwamini, kwa kuwa sauti yake ilikuwa nzuri na kipaza sauti chake kilikuwa cha bei kuliko changu.

Kerneli haikuwa inadeka. Kila moduli hubeba alama ya kerneli iliyojengewa, na kwa kila kitendaji inachoazima kwa moduli nyingine huweza kubeba namba ya kuhakikisha kwamba umbo la kitendaji hicho na la data yake halijabadilika. Namba zisipolingana, dmesg (orodha ya ujumbe wa kerneli) huandika "disagrees about version of symbol" na moduli hurudishwa mlangoni. Chaguo la -f halisuluhishi tofauti hiyo. Linapuuza alama na namba zote, kama mtu anayebandua kibandiko cha tarehe kwenye dawa iliyopitwa na wakati halafu akaimeza.

Kuna jambo moja hata -f haliwezi: kubuni kitendaji ambacho hakipo. Kwa hiyo moduli yangu ya Realtek ilipomtafuta jirani yake na kumkosa, nikaandikiwa "Unknown symbol". Mtu mwenye akili angesimama hapo. Mimi nikaenda kumchukua na jirani, yaani snd_hda_codec_generic, naye akamtaka snd_hda_codec, huyo akamtaka snd_hda_core, na hatimaye nikafika snd_pcm, snd_timer na snd yenyewe, kila mmoja nikimfunika yule wa zamani ndani ya /lib/modules, folda ya moduli. Kumbuka kwamba snd_pcm si mali ya spika za ndani. Kadi ya USB, kupitia snd_usb_audio, husimama juu ya snd_pcm hiyo hiyo. Basi ile kadi iliyokuwa nzima, ambayo sikuwa na ugomvi nayo wowote, nayo ikakataa kupakiwa, na mimi, badala ya kuuliza kwa nini, nikailazimisha kwa -f.

Kuanzia hapo nilikuwa na msimbo wa kerneli mbili ukigawana kumbukumbu moja. Moduli ikishajengwa haimtafuti mwanachama wa muundo wa data kwa jina; huhesabu baiti kutoka mwanzo wa muundo na kusoma kilichopo mahali hapo. Toleo jipya likichomeka mwanachama mmoja katikati, moduli ya zamani itasoma kitu kingine ikidhani ni ukubwa wa bafa (nafasi ya muda ya kuwekea data), na mbaya zaidi, itaandika pasipo pake. Greg Kroah-Hartman, mmoja wa watunzaji wakuu wa kerneli ya Linux, ameeleza waziwazi katika hati iliyomo ndani ya kerneli yenyewe, stable-api-nonsense, kwamba viunganishi vya ndani ya Linux havina ahadi ya kubaki vilevile. Hati hiyo niliisoma baada ya mazishi.

Lililonipoteza kabisa ni kwamba sauti ilitoka. Siku mbili nzima nilitembea kama niliyeandika kerneli kwa mkono wangu. Siku ya tatu kikundi cha kaswida kikaja kurekodi, watu kumi na wanne, na walipokuwa wameimba saa mbili na nusu mashine ikaganda, taa ya Caps Lock ikipepesa. Nilipoiwasha tena, faili la WAV lilikuwa na baiti 0. Niliwarudishia fedha zao zote pamoja na nauli, na nikajifariji kwamba angalau ukimya niliowarekodia ulikuwa safi, hauna hata mkwaruzo. Nilipopeleka kumbukumbu za hitilafu kwa watu wanaojua, hawakusoma zaidi ya mstari wenye neno Tainted na herufi F, ambayo maana yake ni moduli iliyopakiwa kwa nguvu, wakafunga mjadala. Yule bwana wa video nilimwandikia pia. Alinijibu kwamba "inategemea mashine".

Kerneli huhama na moduli zake zote, au isihame kabisa. Ukitaka marekebisho hayo, sakinisha kerneli mpya nzima kwa kifurushi cha mfumo wako, na ile ya zamani ibaki kwenye menyu ya kuwashia. Usipoweza, chukua msimbo chanzo wa marekebisho uujenge kwa vichwa vya kerneli unayoitumia (faili za maelezo ya kujengea moduli), kwa DKMS (chombo cha kujengea moduli), kisha modprobe bila -f. Utaratibu wa kupakia si kazi yako: amri ya depmod huuandika katika faili la modules.dep na modprobe huufuata, wakati insmod, amri nyingine ya kupakia moduli, hausomi kabisa. Ila ukiandika modprobe --show-depends snd_hda_intel (moduli ya kidhibiti cha sauti) hutaiona moduli ya Realtek, kwa kuwa huitwa baadaye, chipu yake inapotambuliwa. Ndiyo sababu watu hudhani inasimama peke yake.

Na kama tayari umeshatumia -f, soma /proc/sys/kernel/tainted. F huhesabiwa 2 ndani ya jumla hiyo, na haitoki mpaka uwashe mashine upya. Kabla ya kuwasha, sakinisha tena kifurushi cha kerneli yako, kwa sababu faili ulizozifunika hazitajirudisha zenyewe.