Kabla ya Kufungua Sanduku la Vifaa: Kwa Wanafunzi wa Udaktari wa Meno Wanaokwenda Vijiji vya Wamasai

Ndugu zangu mtakaoongoza kambi ya afya ya kinywa na meno huko Longido, Monduli au Ngorongoro, chuoni mmekwisha kufundishwa kung'oa, kuziba na kusafisha. Hata hivyo, kinachoamua kama kambi itawafaa wenyeji ni kujua wao wenyewe wameyafanyia nini meno yao, na kwa sababu gani.

Mtakutana na wazee wengi wasio na meno mawili ya mbele ya taya la chini. Hayo hayakuoza, yaling'olewa kimila, na sababu inayotajwa sana ni kwamba mtu akipatwa na pepopunda, taya zikakaza, aweze kunyweshwa kupitia pengo hilo. Anayeandika kwenye fomu kuwa yameoza anaharibu takwimu za kijiji kizima, na anayemkemea mzee kwa jambo hilo atawaona walio nyuma yake kwenye foleni wakiondoka mmoja mmoja.

Vivyo hivyo, msimwambie kijana mwenye meno ya kahawia kwamba hapigi mswaki. Katika Bonde la Ufa vyanzo vingi vya maji vina floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi yanayotiwa kwenye maharage huiongeza. Madoa hayo yaliingia wakati jino likijengeka utotoni, kwa hiyo hakuna kijiti wala dawa ya meno itakayoyaondoa. Ushauri wenye maana ni kwa mama mwenye mtoto mdogo: ampikie bila magadi na, inapowezekana, ampe maji ya mvua yaliyokingwa vizuri na kuchemshwa.

Jambo ninalowasihi mlipe uzito kuliko yote ni lile linaloitwa meno ya nailoni. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, familia hutazama ufizi wake, huona uvimbe mweupe pale lilipo chonge la utotoni ambalo halijaota, na huamini kuwa ndilo chanzo cha ugonjwa. Uvimbe huo huchimbuliwa kwa kisu au msumari, bila ganzi, na mtoto aweza kuvuja damu nyingi, kupata maambukizi ya damu, au baadaye kuotesha chonge la ukubwani lililoharibika. Mama anayekuja na mtoto huyo ana hofu ya kweli, kwani kuharisha kweli kunaua. Anzeni na kuharisha kwenyewe: mpeni mtoto maji ya chumvichumvi ya kuongeza maji mwilini, mpelekeni zahanati apimwe malaria, kisha mwombeni mama apitishe kidole chake kwenye ufizi wa mtoto mwingine mwenye afya wa umri uleule. Akigusa uvimbe uleule kwa kidole chake, mazungumzo hubadilika. Bibi wa boma awepo, maana mara nyingi uamuzi ni wake.

Kuhusu matibabu, umeme usiwasumbue. Njia ya kukwangua uozo kwa vifaa vya mkono na kuziba kwa saruji maalumu ya meno inayotoa floraidi ilianzia hapa hapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, na kwa jino ambalo bado laweza kuokolewa ni bora kuliko koleo. Yote yafanyike chini ya macho ya daktari wa meno aliyesajiliwa.

Ratiba mpangeni na laigwanani, yaani kiongozi wa kimila wa Wamasai, pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Kiangazi vijana huwa mbali wakichunga mifugo, na siku ya mnada huwaleta watu wengi kuliko tangazo lolote. Siku ya mwisho msing'oe jino mchana wala jioni, kwa sababu anayeanza kuvuja damu usiku hatakuwa na wa kumwendea. Kabla ya kuondoka, mkabidhini mganga mfawidhi wa zahanati daftari lenye jina la kila aliyepewa rufaa, tatizo lake na tarehe anayotakiwa hospitali ya wilaya, na mkubaliane naye mapema nauli ya wagonjwa hao itatoka wapi.