Shangazi, dadangu ameniita mgeni wa kampuni

SWALI: Assalamu alaykum Shangazi. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tudor, Mombasa, na nafanya kazi katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti kazi hunizungusha: Nairobi kwa wateja, Kampala kufuatilia mizigo, Dar es Salaam kwa mawakala wetu. Kwa kuwa nauli ni ya kampuni, huunganisha nikawaona jamaa: dadangu Nairobi, khalati Tanga, kakangu Mbagala. Mwaka jana dada alipika biriani, nikafika saa nne usiku nimeshakula na wateja. Asubuhi nikafungua laptopu mezani, watoto wake wakaambiwa wanyamaze nina mkutano. Juzi kanitolea maneno: eti mimi ni mgeni wa kampuni, nalipwa pesa ya hoteli na kulala nalala kwake. Kaka naye amenuna kwa sababu Dar nililala hotelini. Mume wangu anasema nikirudi nimechoka, sina raha na mtu. Baba yuko kisiwani Pate, na akipiga simu humtania asubiri kampuni ifungue ofisi bandari ya Lamu, tutaonana kila mwezi. Ratiba ya mwaka huu ndiyo hiyo hiyo. Niache kuwatembelea kabisa?
Msafiri, Tudor

JIBU: Wa alaykum salaam, mwanangu. Usiache. Kuunganisha kazi na jamaa si dhambi, hasa kwetu sisi wa pwani, ambao wazee wetu walifuata biashara na pepo za msimu na hukohuko wakaoa na kuzika. Ila nahodha aliyekuja na kaskazi akangoja kusi imrudishe alikuwa na miezi ya kukaa na watu. Wewe una treni ya usiku.

Tuanze na dada, kwa kuwa ndiye aliyekuchoma. Hebu itazame ile meza ukiwa umekaa upande wake. Biriani iko chini ya kawa tangu magharibi. Watoto wamekatazwa kugusa vipande vikubwa kwa sababu khalati yao anakuja. Saa nne unaingia, unavua viatu, unasema umeshiba, alhamdulillahi. Asubuhi watoto walewale, ndani ya nyumba yao, wanaambiwa wasicheke. Mimi ningesema maneno makali kuliko yake, na nisingengoja mwaka mzima.

Kwenye pesa ya hoteli amesema kweli pia. Kama kampuni yakupa kiwango, ulale utakapolala, basi ni haki yako. Kama yataka risiti, usipeleke risiti ya kitanda usichokilalia. Watu wamefukuzwa kazi kwa vikaratasi vidogo kuliko hicho. Lakini hata ikiwa halali tupu, huwezi kuokoa pesa ya usiku kadhaa kisha ukamfikia na pakiti ya krispi uliyonunua stesheni Miritini. Pita Mji wa Kale ununue halua, beba na achari ya embe, na pesa ya sokoni mtie mkononi ukiwa bado uko. Usimtumie kwa simu ukiwa umeshafika Voi.

Mwaka huu fanya hivi: siku za kazi lala hoteli, ule na wateja wako mpaka usiku, hakuna anayekungoja. Ijumaa jioni kazi ikiisha hama na begi lako, laptopu umeizima, ukae kwake mpaka Jumapili mchana. Upike wewe mlo mmoja.

Kaka ana lalamiko la kinyume. Mmoja umelala kwake, kakasirika. Mwingine hukulala, kakasirika. Utacheka, lakini kosa ni lile lile: wote wawili walijua mpango wako ukiwa umeshafika mjini kwao. Kakako angeambiwa wiki mbili kabla kwamba Jumatatu hadi Alhamisi una vikao mjini kati na foleni za Dar hazikuruhusu kutoka Mbagala kila asubuhi, angenung'unika siku moja, yakaisha. Lakini alisikia kwa mtu mwingine kwamba dadake yuko hotelini. Pwani hii hilo halimezwi kirahisi, kwani majirani huuliza. Mpigie mapema, muahidi Ijumaa nzima, na wifi yako umpigie kando, maana chakula atapika yeye.

Khalati wa Tanga hajalalamika, nami naona sababu. Ukishavuka mpaka wa Lunga Lunga na Horohoro, Tanga iko njiani. Unashuka, mnakula mchana, mnasengenya kidogo, unapanda basi. Yeye anajua ni kupita na wewe unajua. Hapo usibadilishe kitu. Kampala huna jamaa, kwa hiyo nenda na kitambulisho chako, maliza kazi, rudi. Usianze kutafuta wa kumtembelea.

Mumeo hajasema usisafiri, amesema unarudi umechoka. Basi upunguze huo uchovu. Ukitoka Dar, lala usiku mmoja nyumbani kabla ya kurudi ofisini, na simu ya bosi siku hiyo isipokelewe wakati wa kula.

Sasa baba. Hukuniuliza habari zake. Umemtaja kwa utani katikati ya mengine. Mimi naona hapo ndipo penye barua yenyewe. Watazame unaowatembelea: Nairobi kuna wateja, Dar kuna mawakala, Tanga iko njiani. Pate hakuna kontena. Wote unaowaona ni wale ambao kampuni imekufikisha karibu nao, na dadako ameliona hilo kabla yako, ndiyo maana akapata lile jina la kukuita. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021. Mzee amekuwa akingoja ofisi yenu tangu lini? Kwenye simu anacheka kwa sababu hapendi kukuumbua. Sidhani anacheka akishakata.

Sheria ya Ajira ya 2007 inakupa likizo isiyopungua siku 21 za kazi ukimaliza mwaka kazini. Nakuhisi unazimega: moja uongeze Nairobi, mbili Dar, moja ya uchovu, na Desemba hujui zilikokwenda. Mwaka huu Nairobi na Dar zitoshe kwa mwisho wa wiki, ambao ni wako bure. Za likizo shika kumi mfululizo mwezi Agosti shule zikifungwa, wachukue watoto mwende Pate.

Kumi, narudia, usinipunguzie ziwe tatu. Basi linatoka hapa alfajiri, Malindi, Garsen, Witu, mpaka Mokowe, na hapo ndipo mnapanda boti. Ulizia hali ya barabara kabla ya kukata tiketi, na msafiri mchana. Boti za kwenda Pate hufuata maji, kwa kuwa mkondo wa Mkanda haupitiki vizuri maji yakitoka, na kusi ya msimu huu haimbembelezi mtu. Nahodha akisema tungoje, mtangoja. Siku ya kwenda imekwisha, siku ya kurudi imekwisha, na watoto wanahitaji siku mbili ya tatu kabla hawajamzoea babu yao wakaacha kumwonea haya.

Nauli hiyo hailipwi na mtu ila wewe, na itauma kidogo. Mwambie dada kwamba unakwenda, kisha umuulize kama naye atakuja. Hukuniandikia mara ya mwisho alipofika Pate ni lini, na Nairobi ni mbali zaidi kuliko Tudor. Huenda lile jina alilokupa linamuuma yeye pia. Akikataa, usimshike maneno. Akikubali, mpokee Miritini mwenyewe, na hiyo safari ya treni usiku wa manane umuepushe nayo kama kuna nafasi ya mchana.

Usimpigie mzee bado. Kwanza nenda kwa bosi wako likizo itiwe sahihi, maana ukimpa tarehe kisha ukaipangua itakuwa mzaha mwingine, na keshapata ya kutosha. Sahihi ikipatikana mpigie siku hiyo hiyo, umuulize wiki gani maji yatakuwa mazuri na mpande boti ya nani. Hayo anayajua kuliko mimi na wewe.