Si baridi ya Njombe ninayoiogopa

Njombe, 18 Mei

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na miwani. Unasema wiki hii ya 27 kliniki wamekupima wakapata 138 kwa 88, na jirani yako kakuonya usithubutu kuja kujifungulia huku, maana baridi yetu ya Juni na Julai humpandisha mjamzito presha. Unaniuliza kama ni kweli.

Jirani yako hajakosea kabisa. Baridi hubana mishipa ya damu, moyo ukalazimika kusukuma kwa nguvu, na kipimo kikapanda kidogo. Joto huilegeza, kipimo kikashuka. Huko Norwe presha ya mimba imeonekana zaidi kwa wanaojifungua majira ya baridi. Mumbai, ambako baridi ya kuvaa sweta hawaijui, kifafa cha mimba, yaani degedege linaloletwa na presha hiyo, kilionekana zaidi miezi ya mvua za monsuni. Kwa hiyo hali ya hewa ina mkono wake, ila wataalamu wangali wanabishana unafanyaje kazi.

Lakini mzizi wa ugonjwa wenyewe hauko angani. Uko kwenye kondo la nyuma. Lisipojishikiza vizuri miezi ya mwanzo, mishipa inayolilisha hubaki myembamba, na baadaye mwili mzima wa mama hudhurika: presha, figo, ini, hata ubongo. Halafu kuna damu tuliyochangia. Mimi nilipata presha nikiwa na mimba yako, na binti wa mama aliyepata yuko hatarini kuliko wengine. Ndiyo maana nilikusumbua umweleze daktari mapema, akakuanzishia ile aspirini ndogo. Usiiache mpaka yeye akuambie.

Sasa nikusimulie jambo ambalo sijawahi kukusimulia. Nilipokuwa mkunga kijana kule bonde la Kilombero, Novemba moja ya jua kali, alikuja msichana wa mimba ya kwanza, miguu imemvimba, pete haitoki kidoleni. Mashine ya presha ilikuwa imeharibika. Ningeweza kumwelekeza kituo cha jirani. Badala yake nikamwambia, "Ni joto hili, dada, ukilala inua miguu." Siku ya nne aliletwa wodini kwenye baiskeli, amefungwa kwa khanga mgongoni kwa kaka yake, anatetemeka degedege. Tulimchoma magnesiamu, dawa ya kuzuia degedege, yeye akapona. Mtoto hatukumpata.

Joto kweli huvimbisha miguu ya wajawazito, na wengi hawana ugonjwa wowote. Sikudanganya. Ila nilikuwa na jibu kabla ya kupima, na jibu lenyewe lilikuwa rahisi kwa sababu kila mtu pale alikuwa anatokwa jasho. Huku nyanda za juu ni vilevile, ila kinyume: kichwa kikiuma Julai, utaambiwa ni baridi, jifunike.

Kwa hiyo ukiumwa kichwa kisichotulia, ukiona vimulimuli au ukungu machoni, ukibanwa chini ya chembe cha moyo au upande wa kulia chini ya mbavu, uso ukiamka umevimba, mkojo ukipungua, usiangalie nje kama kuna jua au mvua. Nenda hospitali saa hiyohiyo, hata usiku, na waambie wapime na mkojo. 140 kwa 90 ikijirudia baada ya kupita muda wa saa nne au zaidi, hiyo ni presha ya mimba. Ikifika 160 kwa 110, ni dharura, hairuhusu kusubiri asubuhi.

Na ile mashine aliyonunua mume wako, itumie vizuri. Usijipime umetoka tu juani au umepanda ngazi za ghorofa ya tatu. Kojoa kwanza, kaa dakika tano umeegemea, miguu chini bila kuikunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usizungumze. (Najua hilo kwako ndilo gumu.) Andika namba na saa kwenye daftari, uende nalo kliniki. Maji kunywa, hasa Dar ikichemka, ila maji hayatibu presha, asikudanganye mtu.

Kuhusu kuja. Sakitu ya Njombe ningeweza kukukinga nayo kwa blanketi, ingawa ningegombana na shangazi yako, ambaye bado analala na jiko la mkaa ndani na madirisha yamefungwa. Hewa ile ya mkaa ni sumu kwako na kwa mtoto kuliko baridi yenyewe. Ninachokiogopa ni basi. Kutoka Dar hadi hapa ni kutwa nzima, na ukishikwa na kichwa milima ya Kitonga, nani atakupima? Tena kadi yako, vipimo vyako na daktari anayekujua viko huko.

Basi usije. Nitashuka mimi, tarehe 10 Julai, nikae mpaka mtoto atimize arobaini. Viazi nitaleta gunia moja. Mwambie mkwe wangu anitafutie feni mapema, maana mimi joto lenu ndilo litakaloniua.

Mama yako