Fundi Ajibu: Kabureta mbili, asubuhi zinagoma

SWALI: Nina Datsun 240Z ya 1972 yenye kabureta zake mbili za asili. Naitoa Jumapili, baada ya wiki mbili au tatu. Napiga stata mpaka betri inachoka, na kukanyaga mafuta mara kumi hakusaidii. Ikiwaka inamisi. Plagi tatu za nyuma ni nyeusi tii, za mbele zina rangi ya chai ya maziwa. Fundi anasema ninunue kabureta mpya. (Msomaji, Mikocheni)

JIBU: Usinunue. Una matatizo mawili yaliyogongana.

La kwanza ni bakuli tupu. Ukizima injini ya moto, petroli ya kwenye bakuli za floti (vyombo vidogo vya kabureta vinavyotunza petroli) huanza kuvukiza, na wiki mbili za joto la Dar zinatosha kuikausha. Pampu ya gari hii huendeshwa na injini, kwa hiyo stata isipozunguka hakuna petroli inayopanda. Pedeli nayo haina msaada: kabureta hizi, za mtindo wa SU, hazina kipampu cha kurusha petroli ukikanyaga. Unafungua vipepeo (milango ya hewa) tu, mvuto kwenye jeti (tundu linalopitisha petroli) unapungua, gari inazidi kugoma.

Chomoa waya mwembamba wa chanya kwenye koili (inayozipa plagi umeme), ncha yake uifunge tepu. Piga stata sekunde 10, pumzisha nusu dakika, rudia mara mbili au tatu. Bakuli zinajaa, na oili inatangulia kupanda. Rudisha waya, vuta choki yote, mguu mbali na pedeli, washa. Ikishika, rudisha choki kidogo kidogo. Kwa Dar dakika moja ni nyingi. Ikibaki nje, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini. Na yule kijana wa gereji za mtaa wa Gerezani anayemwagia petroli mdomoni mwa kabureta kwa chupa ya maji, mwambie aache. Injini ikipiga chafya, moto unatokea pale pale alipoinama.

La pili plagi zimeshakuambia: weusi ni petroli kuzidi, na imezidi nyuma tu. Kabureta ya nyuma hulisha hasa silinda 4, 5 na 6. Choki ya hapa haizibi hewa. Inateremsha jeti ili petroli ipite kwa wingi pembeni ya sindano iliyomo ndani yake. Mtu avute na kurudisha choki huku wewe ukichungulia chini ya kabureta. Jeti zote mbili zishuke pamoja, kisha zipande mpaka zigote kwenye nati. Tunashuku ya nyuma inabaki chini milimita moja au mbili. Injini ikiwa sailensa (inaunguruma bila kukanyagwa), isukume jeti hiyo juu kwa kidole; mlio ukitulia, mwizi ndiye huyo. Isafishe, na kamba yake ya choki iwe na ulegevu kidogo choki ikiwa ndani. Kabla hujafunga boneti angalia na oili ya dampa (kifaa cha juu ya kabureta kinachotuliza pistoni yake), SAE 20: ikikauka, gari husita unapokanyaga ghafla.

SWALI: Alfa Romeo yangu ina Weber mbili. Utaratibu ni huo huo? (Msomaji, Oysterbay)

JIBU: Hapana. Weber DCOE ina kipampu, kwa hiyo pedeli hapa inafanya kazi, ila bakuli ziwe zimejaa. Kama pampu ni ya umeme, fungua swichi usubiri mlio wake upungue. Kanyaga mpaka chini mara mbili au tatu, achia, washa. Presha ya petroli isizidi psi 3.5, la sivyo sindano ya floti inashindwa kuziba na petroli inafurika. Ikishafurika, kanyaga pedeli mpaka chini, ishikilie hapo hapo bila kupampu, piga stata.