Acha nafasi ya juu kabla ya kupeleka miksi kwenye mastaringi

Nafasi ya juu ni pengo linaloachwa kati ya sauti kubwa kabisa ya miksi na dari ya sauti, ili mastaringi, yaani hatua ya mwisho ya kuutengeneza wimbo kabla ya kutolewa, ipate pa kufanyia kazi. Wimbo ulionifunza jambo hili ulikuwa wa kidumbak, muziki wa Zanzibar wa jamii ya taarab, tuliourekodi Ng'ambo, mjini Zanzibar, katika chumba kidogo kilichotundikwa mazulia ukutani: fidla, sanduku (besi ya uzi), vidumbak viwili (ngoma ndogo), cherewa (za kutikisa) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha). Nilipomaliza kumiksi niliweka limita, kifaa kinachozuia sauti isivuke kiwango fulani, kwenye chaneli kuu ili wasanii wausikie ukiwa na nguvu, kisha faili hilohilo nikalipeleka kwa fundi wa mastaringi. Alinirejeshea, akanieleza kwamba vilele vyote, yaani sehemu zenye sauti kubwa kabisa, vimekwishakatwa na kwamba yeye hana njia ya kuvirudisha. Niliposikiliza tena nilielewa, kwani ule mshindo wa kidumbak unaomwinua mtu kitini ulikuwa umelala.

Katika sauti ya dijitali dari ni desibeli 0, na kinachovuka hapo wakati wa kutoa faili hukatwa. Kwa hiyo vilele vya miksi zangu sasa naviacha baina ya desibeli -6 na -3. Wapo wanaohofia kwamba sauti ikiwa ndogo ubora utapungua, na hofu hiyo ilikuwa na haki yake zama za kanda, ambapo aliyerekodi chini aliambulia mvumo. Lakini kila biti hubeba takriban desibeli 6, hivyo faili la biti 24, lenye takriban desibeli 144 kwa nadharia, halidhuriki kwa kuachiwa desibeli 6 za nafasi ya juu.

Anza na sanduku, au besi ikiwa ni taarab ya bendi kamili, maana sauti nzito ndizo zinazomaliza nafasi mapema, na uzi wa sanduku hautoi nguvu ileile kila unapovutwa. Ukiliweka sanduku mahali pake kwanza, vyombo vingine hupangika kwa kulifuata. Kwenye ganuni na vidumbak usitegemee mita ya wastani, kwa sababu mshindo wao hupita haraka mno. Tazama mita ya vilele.

Ni kweli kwamba programu nyingi za sasa hukokotoa kwa biti 32 za floti, mfumo wa namba usiokata sauti inayovuka dari ndani ya programu, na kushusha feda kuu (kitelezo cha sauti cha chaneli kuu) mwishoni huweza kuokoa miksi iliyovuka dari. Hata hivyo, plagini, yaani programu ndogo za kuongezea, zinazoiga mitambo ya zamani hukwaruza zikiingiziwa sauti kubwa, na feda ya mwisho haiondoi mkwaruzo huo. Ukishusha chaneli zote kwa pamoja, zikague upya kompresa (vifaa vya kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo) ambazo sauti huzipitia baada ya chaneli hizo, kwani zitakuwa zinapokea sauti ndogo kuliko ulivyozipangia.

Wasanii nao wana haki ya kusikia wimbo wao ukiwa mkubwa. Mimi hutoa mafaili mawili: moja lenye limita kwa ajili yao, na jingine la WAV, biti 24, lisilo na limita wala kunyanyuliwa sauti. Fundi humpelekea yote mawili, ili lile la kwanza limwoneshe ukubwa waliouzoea wenye wimbo, na kazi aifanye kwenye la pili.