Keria yangu inapasuka palepale

SWALI: Shikamoo mhandisi. Naendesha gari la watalii hapa Arusha. Keria ya juu imepasuka mara tatu kwenye weldingi, na mizigo sizidishi. Kwa nini? – Dereva, Sakina

JIBU: Marahaba, mwanangu. Chuma huchoka kwa kutikiswa, hata mzigo ukiwa mdogo. Na barabara ya vumbi haitikisi sawasawa: vituta maelfu, kisha ghafla shimo. Hilo shimo ndilo ninaloliogopa. Kwenye weldingi, mkazo (nguvu inayokaza chuma) ukiwa mara 2 ya kawaida, madhara ya pigo hilo hufika karibu mara 8. Mhandisi Palmgren wa Uswidi alipendekeza mwaka 1924 tujumlishe madhara pigo kwa pigo, na bado tunahesabu hivyo. Tafadhali, usichomelee juu ya ufa! Usage kwanza mpaka uishe, ndipo uchomelee, kisha ulainishe kingo za weldingi.